Pete ya Saa ya Mjomba

Mwaka wangu wa pili chuoni niliifungua pete ya saa, nikaifunga tena, ikang'aa, nikasifiwa bweni zima. Na kwa muda wa majuma matatu nikawa mwongo pasi na kutamka uongo wowote. Kisa chenyewe si kirefu, ila hakieleweki bila ya kuanzia Shimoni, kwa mjomba.

Mjomba, ndugu wa tumbo moja wa mama yangu, alikuwa mzamiaji. Kwa miaka mingi aliwapeleka wageni kwenye matumbawe ya Kisite, ng'ambo ya kisiwa cha Wasini, akishuka nao chini kuwaonyesha samaki na kasa, kisha akiwapandisha salama. Mkononi hakukosa saa ya Kijapani, ya chuma, nzito. Kioo chake kilizungukwa na pete yenye bamba jeusi lililoandikwa 10, 20, 30, 40 na 50, na pale ambapo pangekuwa na sifuri pana pembetatu yenye kitone kinachowaka gizani. Bahari ilimlisha mjomba na watoto wake, nayo ikamla masikio. Alipofikia kutosikia mpaka mtu apaze sauti, aliacha kuzama, akabaki kushona nyavu na kuwakosoa vijana. Nilipopata barua ya kuitwa chuoni, aliivua saa, akanivisha mwenyewe, akasema kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia: "Usije ukaniambia hukujua wakati."

Kusoma wakati alinifundisha yeye, na kwa saa hiyo hiyo. Ndugu msomaji aijua adha ya mtoto wa Kiswahili mbele ya saa ya ukutani: mkono mfupi umesimama kwenye saba, naye anaambiwa ni saa moja. Shuleni tulikaririshwa tu kutoa sita au kuongeza sita. Mjomba alikuwa na njia yake. Akiwa baharini aliiweka pembetatu palipomfaa. Akirudi nchi kavu aliizungusha pete mpaka pembetatu ikae juu ya sita, na kwa tendo hilo saa ya Kijapani ikawa ya Kiswahili. Mkono mfupi ukifika alama ya kwanza baada ya pembetatu ni saa moja. Ukifika penye 10, ambayo ni alama ya pili, ni saa mbili. Ukifika penye 50 ni saa kumi, na mwenye kuchelewa skuli ya jioni amekwisha kuchelewa. Nilikuwa na umri wa miaka sita au saba nilipolielewa jambo hilo, na hadi leo nikitazama saa yoyote huiona pembetatu juu ya sita hata kama haipo.

Siku mjomba alipotoka baharini mara ya mwisho, pembetatu aliiweka juu ya sita kama desturi, na haikuondoka hapo tena. Chumvi iliingia chini ya pete, ikachanganyika na jasho na mchanga, ikaganda ikawa kama saruji. Hivyo ndivyo nilivyoipokea: saa inayokwenda vyema, yenye pete isiyogeuka.

Labda niseme kidogo pete hiyo ni ya kazi gani, maana wengi tunaivaa bila ya kujua. Mwaka 1943, Wafaransa wawili, Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan, walitengeneza chombo kilichomwezesha mzamiaji kujibebea hewa mgongoni na kuogelea huru kama samaki. Uhuru huo ulikuja na deni. Aliye chini ya maji hewa yake ina kikomo, na isitoshe, kadiri anavyokaa huko ndivyo naitrojeni inavyozidi kuyeyuka mwilini mwake. Akipita muda wake kisha akapanda ghafla, gesi hiyo hutoka kwa mapovu, ikamvunja viungo, ikampooza au ikamuua. Katika kina cha mita 30, majedwali mengi ya wazamiaji wa burudani huruhusu takriban dakika 20 tu. Kwa hivyo mzamiaji alihitaji saa ya kumwonyesha muda aliokwisha kuutumia, kwani saa ya mchana huko chini haimfai kitu. Mwaka 1953 kampuni ya Blancpain ya Uswisi ilitoa saa iliyowafaa wazamiaji wa jeshi la majini la Ufaransa, walioongozwa na Robert Maloubier na Claude Riffaud, na kuiita Fifty Fathoms. Jina hilo hatuna haja ya kulizungukia kwa maelezo, kwani neno tunalo tangu jadi: pima hamsini, yaani mita 91 na ushei. Pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, na wavuvi wa kwetu hupimia kamba kwa kipimo hicho hicho. Rolex nao walikuja na Submariner katika miaka hiyo hiyo, na Seiko wa Japani wakatoa saa yao ya kwanza ya wazamiaji mwaka 1965.

Matumizi yake ni mepesi. Unapoanza kushuka unaielekeza pembetatu kwenye mkono wa dakika. Baada ya hapo, mkono unapokwenda mbele, tarakimu iliyo kwenye pete inakwambia dakika ulizotumia. Lakini uzito wote wa jambo hili umo katika sifa moja ndogo ambayo macho hayaioni: pete ya saa nzuri ya mzamiaji haigeuki ila upande mmoja, kinyume cha mwendo wa mikono ya saa. Tuseme imegongwa na mtungi au ukingo wa ngalawa. Kwa kuwa inaweza kusogea upande huo tu, kosa lake litakuwa kukuambia umekaa dakika 20 ilhali umekaa 12. Utapanda mapema, ukanung'unika juu. Pete inayogeuka pande zote mbili yaweza kukuambia umekaa 12 ilhali umekaa 20. Huyo wa pili huenda asipate nafasi ya kunung'unika.

Haya yote mjomba aliyajua kwa mwili wake. Mimi niliyajua kwa kuambiwa, ndiyo maana niliyasahau upesi.

Nilimpelekea saa fundi mmoja mjini Nairobi. Nilisimama mbele ya kibanda chake, nikakosa neno. Nilisema "mduara", nikasema "ukingo", nikasema "ile ya nje inayozunguka". Mwanafunzi wa Kiswahili niliyekuwa nimekwisha kufanya somo zima la istilahi! Fundi alinitazama kwa huruma. "Pete, kijana," akasema. "Unataka nikuzungushie pete." Kamusi nilizokuwa nimezipekua usiku uliotangulia hazikunipa neno hilo kwa maana hiyo, na hapa alikuwapo mtu anayelitumia kila siku bila ya kumwomba ruhusa mhariri yeyote. Lakini furaha yangu ya kileksika haikudumu. Aliijaribu pete kwa kidole gumba, akaigonga, kisha akanirudishia saa. "Achana nayo. Saa si inakwenda? Hiyo pete ni urembo tu."

Neno "urembo" lilinichoma. Niliona kana kwamba amemwambia mjomba kuwa miaka yake ya baharini ilikuwa ya kujipamba. Nikaapa kuifungua mwenyewe, chumbani, jioni hiyo hiyo. Hasira si chombo cha fundi wa saa.

Niliondoa mkanda. Nilihakikisha kifundo cha kurekebishia wakati kimekazwa, nikaizungushia pete kitambaa kilicholoweshwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikaacha saa nzima, kisha nikasugua kwa mswaki mkuukuu na kuchokoa kwa kijiti cha meno. Mwenzangu wa chumba alishauri siki. Nashukuru sikumsikiliza, kwa maana bamba lile jeusi ni alumini iliyotiwa rangi, na siki ingelichubua. Hadi hapo nilikuwa nimefanya kama inavyotakiwa. Tatizo lilikuwa kisu. Pete ya saa ya namna hii haikukazwa kwa skrubu. Ukingo wake wa ndani umeng'ang'ania mdomo wa kasha kama kifuniko cha kopo kinavyong'ang'ania kopo. Kinachotakiwa ni ubavu mwembamba wa chuma uingie ufani taratibu, uinue kidogo, uhamie mahali pengine, uinue kidogo tena, hadi pete izunguke kasha ikiwa imelegea sawasawa. Mimi nilishika kisu cha jikoni tulichokuwa tukikatia sukumawiki, nikakichomeka mahali pamoja, nikabonyeza kwa nguvu zangu zote.

Pete iliruka, ikagonga dari, ikaangukia kitandani. Kisu kiliteleza, kikauchora ubavu wa kasha mchoro ambao haujafutika, na kuishia kwenye kidole changu cha shahada. Niliifunga damu kwa leso, nikatazama. Chini ya pete mlikuwa na bahari. Chumvi iliyopauka kama chokaa, na ndani yake chembe za mchanga mweupe wa kwetu. Nilikaa nikizitazama chembe zile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ndipo nilipoiona kamani.

Ilikuwa duara jembamba la chuma lililolala juu ya kasha, na mahali pamoja chuma hicho kimepindwa juu kikawa ulimi mdogo, mdogo kuliko punje ya mchele. Upande wa chini wa pete una meno yaliyolala mlalo mmoja kama meno ya msumeno. Pete ikizungushwa upande wake, ulimi huteleza juu ya mgongo wa jino na kutumbukia mbele yake, nako ndiko kule "tik, tik" kunakosikika. Ukijaribu kuirudisha, ulimi husimama mbele ya jino na kukataa. Ule ukataaji ndio uhai wa saa nzima. Na kisu changu kilikuwa kimepita juu ya ulimi na kuulaza. Nilijaribu kuuinua kwa kibano. Ukakatika.

Sasa natakiwa niseme nilichofanya, na sina namna nzuri ya kukisema. Nilisafisha kila kitu. Niliosha pete, nikaisugua hadi chuma kikametameta. Kamani iliyokatika nikaifunga kwenye karatasi na kuitia mkobani. Kisha niliirudisha pete bila ya kamani, nikaikandamiza, ikalia "tak", ikakaa. Ilizunguka laini kama gurudumu lililotiwa mafuta: huku, na huku. Mwenzangu wa chumba akanisifu. Mwanafunzi mmoja wa uhandisi akanipa saa yake nimtengenezee. Mhadhiri wetu mmoja aliyependa saa aliishika, akaizungusha pete, akasema, "Hongera, umeifufua." Nami nikaitika. Nilijiambia kwamba Nairobi hakuna bahari. Kwamba saa iko mkononi mwa mtu wa vitabu. Kwamba hata fundi alisema ni urembo. Ajabu ni kuwa neno lile lililonichoma ndilo nililokuja kujifunikia.

Juma la tatu simu ililia. Alikuwa binamu yangu, mwana wa mjomba, aliyekuwa ameanza kujifunza kazi ya babake. Siku hizi wazamiaji hutumia kompyuta ndogo ya mkononi ya kuwahesabia kina na muda, naye alikwisha kupewa ya kuazima. "Lakini baba hataki kusikia," akaniambia. "Anasema kitu cha betri hakiendi baharini peke yake. Nimemwambia umeitengeneza saa. Anasema uniletee likizoni nizame nayo."

Sikujibu mara moja. Nikauliza habari za shangazi, habari za mashua, habari za mvua. Binamu akazijibu zote. Nilizungusha pete kwa kidole huku nikimsikiliza, huku na huku, haina sauti. Nikamwona chini ya maji, katika pima kumi na tano, akiuinua mkono kutazama pete iliyokwisha kugonga kitu na kurudi nyuma dakika nane.

"Usizame nayo," nikasema. "Nimeivunja."

"Mbona umesema imepona?"

"Inang'aa tu. Inageuka pande zote mbili. Kamani yake nimeikata kwa kisu."

Mjomba hasikii simu, kwa hivyo ilibidi binamu amfikishie. Nilisikia ungamo langu likipigiwa kelele uani kwao, neno kwa neno, bila shaka na majirani wakisikia: INAGEUKA PANDE ZOTE MBILI! KAMANI AMEIKATA! Kisha kimya. Kisha sauti ya mjomba kwa mbali, na binamu akarudi kwenye simu. "Anauliza, ulimi uliokatika umeutupa au unao?"

"Ninao."

"Anasema uje nao."

Likizo ilipofika nilishukia Mombasa kwanza. Mjomba alikuwa ameniagiza kwa mzee mmoja, fundi wa saa katika Mji wa Kale, ambaye duka lake ni upana wa mlango. Nilimwamkia, nikafungua karatasi yangu. Hakuugusa ulimi, aliutazama kwa kile kikuza-macho chake, akacheka kidogo. "Huu hauungiki. Lakini nimejua ni saa gani." Akavuta mkebe wa biskuti uliojaa maiti za saa, akachakura, akatoa moja ya aina ile ile iliyokufa kwa kuingiwa na maji. "Hii moyo wake umeoza, lakini pete yake nzima. Kaa hapa utazame."

Nilitazama. Alilizungushia kasha utepe wa gundi ili chuma kisichorwe tena. Alichukua kisu kifupi chenye ubavu mwembamba usiokata, akauhisi ufa kwa ukucha kabla ya kuugusa kwa chuma. Hakubonyeza. Alikuwa kama mtu anayemwamsha mtoto aliyelala: hapa kidogo, pale kidogo, akiigeuza saa mkononi kila mara. Pete iliinuka yenyewe, ikabaki imelala juu ya kasha, haikuruka. Akaiondoa na kuitoa kamani kwa kibano. Alipofika kwenye saa ya mjomba alinisukumia vifaa. "Yako, ifungue mwenyewe. Usipoifungua wewe utarudi chuoni useme nimeifungua mimi."

Nilichukua karibu nusu saa. Mzee aliwahudumia wateja wawili na kunywa kahawa. Kamani ina kichomozi kidogo upande wa chini kinachoingia kwenye tundu la kasha, ili isizunguke pamoja na pete. Nilikiingiza, nikapaka grisi ya silikoni nyembamba, nikaiweka pete juu yake ikiwa sawa pande zote. Hapo ndipo wengi hukosea, mzee alisema, kwa kuikandamiza upande mmoja mpaka pete ikapinda au kioo kikapasuka. Nilifunika kitambaa, nikaweka vidole gumba viwili pande zinazokabiliana, nikashindilia kwa uzito wa mabega. Tak.

"Hesabu," akasema mzee.

Nilihesabu kwa sauti dukani, wapita njia wakitazama. Mlio mmoja ni nusu dakika. Nilipofika 120 pembetatu ilikuwa imerudi pale ilipoanzia. Kisha nikajaribu kuirudisha nyuma, ikakataa. Mzee akabadilisha pia mpira wa kifuniko cha nyuma na wa kifundo, akanionya kuwa kazi ya pete haiithibitishi saa kuwa haiingii maji. Hilo ni suala jingine na lina kipimo chake.

Kipimo tulichokuwa nacho Shimoni kilikuwa kamba. Mjomba aliipokea saa bila ya kunitazama usoni. Hakuisikiliza, kwani masikio hayamsaidii tena. Alikiweka kidole gumba juu ya pete na kuizungusha polepole, macho yamefumbwa, midomo ikihesabu. Alipomaliza aliishika kwa nguvu na kuisukuma nyuma, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, mishipa ya mkono ikasimama. Pete haikusogea. Akauona mchoro wa kisu ubavuni, akaupitisha ukucha, asiseme kitu.

Asubuhi yake tulitoka na mashua, mjomba, binamu na mimi. Mjomba alipima kamba kwa mikono yake, akiinyoosha kifuani, pima moja, pima mbili, hadi kumi, akaifunga saa pamoja na jiwe, akaiteremsha. Si kipimo cha kiwandani, na mzee wa Mombasa huenda angetucheka, lakini maji ya pima kumi hayajui kubembeleza. Tulikaa nusu saa. Binamu alitaka kuzungumza, mjomba hakutaka. Mimi niliitazama kamba inavyoingia majini.

Aliivuta mwenyewe. Akaikausha kwa shuka yake, akaiinua kwenye jua, akakitazama kioo kwa ndani akitafuta ukungu. Akampa binamu atazame. Binamu akanipa mimi. Hakukuwa na ukungu. Mkono wa sekunde ulikuwa ukienda.

Binamu akaivaa na kuanza kuielekeza pembetatu kwenye mkono wa dakika, kama alivyofundishwa. Mjomba akamshika mkono, akaizungusha pete mwenyewe hadi pembetatu ikakaa juu ya sita.

"Kesho," akasema kwa sauti ile kubwa. "Leo tunarudi. Saa ngapi hiyo?"

"Saa nne kasorobo, baba," akajibu binamu, naye akalirudia kwa kelele ili lisikike.